Doa la Juu ya Kitanda cha Mama

Javeli, ile dawa kali ya kutolea madoa, ina harufu inayokata pua, na kwangu mimi ndiyo harufu ya likizo. Watoto wengine wa Brussels wanaikumbuka likizo kwa bahari na mafuta ya kujipaka. Mimi naukumbuka uwanja wa nyasi pembeni ya jiji, upande wa Uccle karibu na msitu, Jumamosi asubuhi, mama amepiga magoti kitandani akisugua dari la gari kwa javeli mpaka machozi yanatutoka sote. Gari lenyewe lilikuwa gari-nyumba, lenye vitanda, jiko na choo ndani, ambalo baba alilinunua likiwa limeshachoka kwa mzee mmoja wa Saint-Gilles, mtaani kwetu. Baba alilipenda kama watu wanavyompenda kitinda mimba: kila kasoro yake aliiita akili. Likigoma kuwaka, alisema linafikiri.

Alilinunua kwa sababu moja. Mama Mkubwa, dada yake mama, alikuwa akiishi Marseille, na wawili hao hawakuwa wameonana tangu walipotenganishwa kambini baada ya kuikimbia Bukavu. Tiketi za treni za familia nzima zilikuwa ndoto. Gari lingetubeba na kutulaza. Tatizo ni kwamba lilivuja. Mvua ikinyesha, maji yalidondoka juu ya mto wa mama, na mama, aliyevumilia mengi Ubelgiji, pamoja na baridi na majirani wasiosalimia, hilo alilikataa katakata. “Papa Neema, sikiliza,” alimwambia baba. “Kule mu kambi nililala chini ya sheeting ya plastiki, maji inanianguka mu macho. Ile ilishaisha. Mu nyumba yenye kuvuja, mi sitalala tena. Alors, masomo ikianza bado inavuja, uiuzishe.” Baba hakubisha. Kulikuwa na bwana mmoja aliyelitaka gari lile, na tangu siku hiyo baba alivuka barabara kila alipomwona.

Kumlipa fundi hatukuweza, basi baba akajiunga na klabu ya wenye magari-nyumba. Klabu hiyo ilikuwa na desturi nzuri: kila mwezi wa kiangazi walikusanyika uwanjani wikendi nzima, na Jumamosi asubuhi mwenye ujuzi alitoa vifaa vyake akamsaidia mwenye shida. Huyu anajua breki, yule anajua umeme, mwingine hajui kitu ila ana maoni. Wengi walikuwa wazee wa Kibelgiji waliostaafu, mabingwa wa kusimama mikono nyuma wakiitazama injini ya mwenzao. Mjuzi wa kuvuja alikuwa Monsieur Willy, mzee mnene aliyewahi kuwa mwezeka mapaa, ambaye alilitamka neno “unyevu” taratibu na kwa heshima, kama anayemtaja askofu.

Kwenye mkutano wa Juni, mama aliamka mapema kuliko ndege. Alisugua dari, akatundika mapazia yaliyofuliwa, akatandika shuka za maua, akauvika hata usukani kitambaa cha kufuma. Willy alivuliwa viatu mlangoni. Akaingia na soksi, moja imetoboka kidoleni, akakalishwa, akapewa chai ya maziwa na mandazi, akaulizwa habari za mke, za watoto na za magoti. Ndipo akainua macho. Dari lilikuwa jeupe pe. Alipapasa, akanusa, akapiga chafya. Kisha akatueleza kwamba maji huingia kwingine na kutokea kwingine, na kinachomwongoza fundi ni doa, kwa kuwa doa ndilo linaloonyesha maji yalikopita. Sasa, doa liko wapi? Mama akajibu kwa fahari kwamba kwake hakuna doa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alipona yeye, akaondoka na mandazi mengine kwenye karatasi.

Aliacha amri moja: msiguse kitu mpaka Julai. Mvua ya Brussels haihitaji kuombwa, na baada ya wiki chache doa lilirudi, la manjano, lenye kingo zake, na baba akalilinda kama yai. Siku ya mkutano alikwenda bombani kuchota maji, akakutana na mazungumzo ya betri, akachelewa. Aliporudi, mama alikuwa ameshasugua, na kwa kuwa safari hiyo doa lilikaidi, alikuwa amelipaka rangi nyeupe. Baba aliketi kwenye ngazi na ndoo yake.

“Mama Neema! Ule muntu haiko mugeni, ni fundi. Donc anakuya kuangalia bubovu!”

“Akishaingia mu nyumba yangu, ni mugeni. Akirudi kwabo atasema nini? Ba-Congolais banaishi mu buchafu?”

Willy alikula sambusa, akaisifu rangi, akaenda zake. Sifa za mama zikaenea, wake za wanachama wakaanza kuja kwa zamu kuitazama nyumba safi kuliko zote. Husemwa nyumba njema si mlango. Ya kwetu ilikuwa njema mlango, pazia na zulia, huku paa linaoza.

Ukabaki mkutano wa Agosti, wa mwisho kabla ya shule. Wiki ile yule bwana alikuja nyumbani akalizunguka gari akipigapiga tairi kwa kiatu, na Mama Mkubwa akapiga simu kuuliza tunakula samaki wa namna gani. Asubuhi ya mkutano mama alishika ndoo kama kawaida. Baba hakupaza sauti. Alisema tu, “Mficha uchi hazai,” akamwangalia. Mama akaiweka ndoo chini, akatoka, akaketi kwenye kiti cha kukunja akilipa gari mgongo, kitenge kimemfunika mpaka masikioni.

Willy alipoliona doa alipiga kelele za furaha. Akawaita wenzake. Wazee watano, viatu miguuni, wakapokezana kulala kwenye mto wa mama ili walione vizuri. “Oh!” zilitoka dirishani moja baada ya nyingine, na kila “Oh!” mama alishtuka kama aliyefinywa. Willy alilifuata doa kwa kidole, akapita juu ya kabati, akafika mbele kabisa, mbali na kitanda, akakuta skrubu ya antena ya televisheni imelegea. Akaifungua, akasafisha, akajaza gundi ya kijivu, akakaza. Kazi iliisha kabla supu haijachemka.

“Bamemaliza kuona?” mama aliuliza bila kugeuka. Akaingia, akafunga mlango, harufu ya javeli ikatufikia. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na nilijua si javeli peke yake. Nilimhurumia sana. Halafu akawapikia wote, na Willy akavua viatu mwenyewe.

Marseille tulifika. Mvua ilitupiga njia nzima, na halikudondoka hata tone. Dada wawili walikumbatiana barabarani mpaka magari yakapiga honi, na neno la kwanza la mama lilikuwa kuomba radhi kwa vumbi la safari.

Gari lile lilishakuwa vyuma chakavu, na baba ametangulia mbele ya haki. Mama yuko palepale Saint-Gilles, na siku hizi daktari humfuata nyumbani. Kila akija, humkuta amevaa wigi, hereni na kitenge kipya, chai iko mezani. “Ça va bien, docteur,” mama humwambia, na daktari huandika kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Zamani nilikuwa na kiangazi kizima cha kucheka mchezo huo. Sasa haunichekeshi, maana sijui tumebakiwa na muda gani. Wiki iliyopita nilimkatiza mbele ya daktari. Nilisema hapandi tena ngazi, na kwamba huwa anashika ukuta akienda jikoni. Mama alinitazama kwa hasira ambayo sikuwahi kuiona. Akalisogeza birika pembeni. Kisha akamgeukia daktari, akasema kwa Kifaransa chake cha polepole kwamba inauma, inauma sana, na ni siku nyingi. Katika miaka yangu yote sikuwa nimewahi kumsikia mama yangu akilisema neno hilo.