Siku Nilipoyageuza Maji ya Mfongo

Magazeti binafsi yalipoanza kuchipuka kama uyoga, nami nikapata kazi: mwakilishi wa Moshi wa gazeti moja changa la Dar es Salaam. Nilikuwa na kalamu, jozi moja ya viatu na mdomo mrefu. Mtu akiniuliza nafanya kazi gani, nilimjibu kabla hajamaliza swali.

Msimu ule mpunga wa Chekereni, kule tambarare, ulikuwa unakauka. Nikapanda Kirua Vunjo, kwetu mlimani, nikafuata mto hadi pale mfongo unapochepuka. Mfongo ni mfereji wa asili unaochota maji ya mto na kuyapeleka kwenye migomba na kahawa. Nikaukuta umezibwa mdomoni kwa mawe, udongo na magogo ya migomba. Moyo ulinidunda! Nikashuka mbio hadi mjini, nikatuma habari kwa faksi: watu wa mlimani wamefunga maji, wa tambarare wanalia. Ikatoka ukurasa wa mbele, na jina langu juu yake. Nilinunua nakala tatu sokoni Kiboriloni, nikazisoma zote tatu, utadhani ziliandikwa tofauti.

Furaha ile ilidumu siku moja. Mama alinitumia ujumbe kwamba vijana wa Chekereni wananoa mapanga, wapande wamtafute mzee wa mfongo, yule anayegawa zamu za maji. Kisha akaongeza la kwake: mfongo ukizibwa mdomo, maji yanabaki mtoni, yanashuka huko huko Chekereni. Wenyewe walikuwa wameuziba ili wautoe matope, kama kila mwaka. Mimi niliyekulia hatua chache kutoka mfereji ule, niliyetumwa kuuzibua tangu utotoni, nimeandika kinyume! Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Nikachuma jani la isale, ambalo kwetu ndilo la kuombea msamaha, nikaenda kwa mzee. Nikamwamkia shikamoo, nikampa jani kwa mikono miwili. Akalipokea; isale haikataliwi. Nikamwahidi masahihisho gazetini wiki hiyo hiyo.

"Gazeti litasema lake," alisema. "Uongo wako ulifika Chekereni. Nawe fika, kwa miguu yako."

Nilikwenda kesho yake. Niliogopa mapanga, lakini niseme kweli, nilikuwa pia na hamu ya ajabu, kama mtu anayekwenda kuoa. Nikasimama kwenye tuta la jaruba la mpunga mbele ya watu, wengine mapanga mkononi, nikasema nilikosea: mfongo ulipozibwa, maji yote yaliachwa yashuke kwenu. Nikalieleza kosa langu kwa kituo, tena mara mbili.

Ndipo mama mmoja mwenye matope hadi magotini akauliza, "Kama walituachia yote, mbona hayafiki?"

Tangu nianze kazi sikuwahi kumwambia mtu "sijui." Siku ile nililisema, na damu ikanichemka kwa furaha, maana mhariri wangu hakuwahi kuniuliza swali zuri namna hiyo. Leo mimi mwenyewe ni mhariri mwandamizi, nimeandika habari za mito na misitu hadi wenzangu wakanichoka, na yote yalianzia kwa mama yule.

Vijana waliweka mapanga chini, wakasema wanangoja jibu. Alfajiri nikaanza kuufuata mto kwenda juu, nikaupita mfongo wetu, nikapita mashamba ya mwisho, na sikusimama hadi nilipofika kwenye chanzo na kukuta visiki vibichi, vingi, mahali palipokuwa na msitu, na chemchemi imebaki nyembamba kama uzi.