Fundi Sikio na Gari Bubu

Gereji walimwita Fundi Sikio, kwa kuwa miaka thelathini alitambua ugonjwa wa injini kwa kuisikiliza tu. Basi siku binti yake alipowapakia yeye, mkewe na wajukuu wawili kwenye gari la umeme kwa safari ya saa saba, alikosa raha kabisa. Gari lilikuwa kimya kama maji mtungini.

"Gari lisilonguruma ni mahututi," alisema.

"Baba, ndivyo lilivyo," binti alijibu.

Hakuamini. Asubuhi ile, wenzake wakinywa chai, alikuwa ameshalipanga buti la gari upya: sanduku la spana, jeki mbili na galoni ya oili, ingawa hakukuwa na injini ya kuinywa. Njiani akazima kiyoyozi ili kubana chaji. Wajukuu waliiva kama mihogo, naye akawaambia jasho ni afya.

Walifika kituo cha kuchajia wakiwa na chaji asilimia nane. Pale palikuwa na tundu la umeme tu, waya unakuja nao mwenyewe. Binti akafungua buti, akapekua, akasimama.

"Baba, waya wa kuchajia uko wapi?"

"Ule mweusi mnene? Niliutoa. Ulikula nafasi ya jeki."

Mkewe, aliyelowa jasho mpaka kwenye kilemba, alishuka taratibu, akalishusha sanduku la spana, akalikalia.

"Haya, Fundi Sikio. Lisikilize basi. Linasemaje?"

Kwa mazoea, mzee aliinamisha sikio kwenye boneti.

"Linaulizia waya."