Nilivyolilia Kaburi la Watu Nisiowajua

Mtacheka, najua, lakini ngojeni nimalize, maana hata sasa nikiwa hapa nyuma ya cherehani yangu Jules Street, mtaa wa Malvern, nikikumbuka siku ile natamani kujifunika kitambaa usoni.

Mnamjua binti yangu Neema, aliyeolewa na Ewan, yule kijana Mskoti aliyekuwa akifanya kazi hapa Johannesburg. Baba yake Ewan alifariki muda mfupi kabla ya harusi, mama yake akashindwa kuja, na baadaye Neema na Ewan wakahamia kwao Ewan, kisiwa kimoja cha mbali chenye kondoo wengi kuliko watu. Mwaka jana wakaniita. Sasa kwetu Bukavu (nyinyi wa Nairobi sijui mnafanyaje) huwezi kufika kwa wakwe waliofiwa ukaanza kunywa chai na kucheka. Kwanza unamlilia marehemu kaburini, kwa sauti, umwambie wewe ni nani. Usipolia, binti yako ndiye atakayeonekana ametoka kwa watu wasio na adabu. Na Mama Ewan tangu nifike alikuwa ananitazama tu, anatabasamu kidogo, hasemi kitu. Niliogopa kwamba hampendi mwanangu.

Jioni moja Neema akaniambia kwamba kesho Mama Ewan anataka kunionyesha kaburi. Hapo ndipo ilinipasa kuuliza la nani. Sikuuliza. Mtu amefiwa na mumewe, anataka kukuonyesha kaburi, utauliza nini tena?

Asubuhi nikavaa kitenge cheusi nilichojishonea kwa safari hiyo, sketi imebana magotini kama mnavyonijua, na kilemba juu. Mimi, Neema na Mama Ewan tukafika kwenye kilima kidogo cha mawe kilichoota majani, na mlango wenyewe ni tundu, unaingia kwa kutambaa. Eish. Nikafikiri, kumbe wazungu nao wanazika kwa gharama hivi. Nikawaambia wanipishe nitangulie peke yangu, nikatambaa gizani, mshono wa nyuma ukaachia kwa ule mlio ambao fundi yeyote anaujua, nami nikaendelea.

Nilipofika ndani nikaangua kilio. Nikamwita Baba Ewan, nikamwomba msamaha kwa kuchelewa, nikamwambia mimi ndiye mama yake Neema na mtoto tumemlea vizuri, nikapiga ukuta, nikajitupa chini. Kumbe kwenye kona walikuwemo watalii wawili, mzee na mkewe, ambao walitoka humo mbio kuliko umri wao, wakamwambia mlinzi kuna mama ameumia, mlinzi akapiga simu kuomba msaada, na basi zima la wageni lililokuwa limefika likajaa mlangoni kusikiliza. Neema akatambaa mpaka kwangu na tochi ya simu.

"Mama, unamlilia nani?"

"Baba mkwe wako."

"Baba mkwe amezikwa kule kanisani. Hawa walikufa miaka elfu tano iliyopita."

Na hata hao wenyewe hawakuwemo, mifupa ilishapelekwa makumbusho. Nikatoka nimefungwa jaketi la Neema kiunoni, vumbi mpaka kwenye kilemba, watu wamepanga foleni wananiangalia. Aibu ya watu ningeivumilia. Lakini Neema hakunitazama usoni, na hilo liliniuma sana, kwa sababu yote niliyafanya ili yeye aheshimiwe.

Mama Ewan alimuuliza nilikuwa nasema nini mle ndani. Neema akamweleza kwa sauti ya chini, desturi yetu na kila kitu. Mimi nikawa natafuta maneno ya kuomba radhi kwa Kiingereza changu cha Malvern. Kisha Mama Ewan akanishika mkono.

"Siku tuliyomzika, kila mtu alinisifu kwa sababu sikulia," akasema. "Twende kwake sasa."

Tangu siku hiyo nimeapa, yeyote atakayenialika kaburini atanitajia kwanza jina la marehemu, mwaka aliokufa, na kama mlango unaingilika kwa sketi. Lakini kule kanisani sikuuliza chochote. Mama Ewan alisimama mbele ya jiwe la mumewe, akalia kwa sauti, na mimi na Neema tukakipokea kilio chake.