Kutazama Hakukukatazwa

Mkuu wa chumba cha altrasaundi, katika hospitali ya Guangzhou nilikokuwa nikifundisha, aliniambia tangu mwanzo kwamba wanafunzi wangu, madaktari wa familia, watazame tu. Kazi yao ni kusoma ripoti. Kupima wajawazito waachiwe mabingwa. Nikaitikia kwa adabu, na Jumatano ya wiki ileile nikawashikisha kifaa. Walikuwa vijana wa Afrika Mashariki waliokuja masomoni kwa ufadhili, na huko walikokuwa wakirudi, bingwa wa karibu yuko mwendo wa siku nzima. Niwafundishe kutazama ili wakamtazame mama akivuja damu? Sikukubali, na hata leo sikubali.

Kuna jambo moja lilikuwa linawaharibu. Uchina daktari haruhusiwi kumwambia mjamzito kama amebeba wa kike au wa kiume. Sheria ni sheria. Lakini wanafunzi wangu waliiogopa mpaka mkono ukawa unakwepa wenyewe: wakikaribia mapaja ya mtoto wanahama upesi, kama mtu aliyefungua mlango wa bafu akamkuta mkwe.

Siku mkuu aliposikia akaja kutukagua, aliyelala kitandani alikuwa mama wa Unguja, mfanyabiashara wa Xiaobei, mtaa wa wachuuzi wa Kiafrika mjini humo, mwenye mimba kubwa na tiketi ya kwenda kujifungulia kwao. Alijitolea tujifunzie kwake. Kijana mmoja wa Singida akampima vizuri: moyo unadunda, kichwa kiko juu, mtoto amekaa kitako. Alipofika chini, kwenye mapaja, akainua mkono na kuanza kufuta jeli. Mkuu akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akasema inatosha.

"Haijatosha," nikamjibu kwa Kichina, kisha nikamgeukia kijana. "Rudi chini. Umekatazwa kusema, hukukatazwa kutazama. Macho hayana pazia."

Akarudi, akakishusha kifaa. Chini ya mapaja yale, kondo la nyuma lilikuwa limeziba njia yote ya kutokea mtoto. Uchungu ungemshika yule mama ndani ya ndege, angemwaga damu bila wa kumsaidia. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Nikamweleza polepole kwamba hasafiri tena, na kwamba itabidi ajifungue kwa upasuaji. Alilia, akamtaja mama yake.

Mkuu alikitwaa kifaa, akahakikisha mwenyewe, akapiga simu mama alazwe. Halafu akatangaza kwamba darasa limekwisha, na kuanzia siku ile mabingwa peke yao ndio watakaopima. Nilifungua mdomo nimjibu, lakini mama akaniwahi. Alijifunua tumbo tena, akamkatalia kwa neno lilelile analowakatalia wauza jumla wa Xiaobei wanapompandishia bei.

"Buxing, laoban," akasema, yaani haiwezekani, bosi. Kisha akamwita kwa mkono binti mmoja kati ya wanafunzi wangu, aliyekuwa akingoja zamu yake ya kupima.

"Njoo, mwanangu. Na wewe lione kondo hili, ukirudi nyumbani ulijue."