Mikoa Tisa ya Mawe

Harufu ya dagaa wanaokauka juani ikinipitia puani, sioni ziwa wala mitumbwi. Naona Sri Lanka. Cheka tu, nimeshazoea. Mwaka niliokuwa darasa la saba, pale ufukweni tulipokuwa tukienda kufua nguo kutoka nyumbani Nyasho, palikuwa na mawe makubwa yaliyokaa karibu karibu. Wanawake walianika dagaa juu yake, na katikati ya dagaa hao mimi na binamu yangu Wegesa tulikuwa na nchi nzima. Jiwe kubwa la katikati lilikuwa Mkoa wa Kati, mji wake Kandy, na hapo ndipo nilipoanziaga siku zote. La upande wa maji lilikuwa Mkoa wa Magharibi, wenye Colombo. Lenye mgongo kama wa ng'ombe lilikuwa Uva, na lile dogo lililotuunguza nyayo tulilipa jina tulilolipenda kuliko yote, Sabaragamuwa. Ukikosea mkoa au wilaya zake, unashuka majini na kuanza upya. Mama alikuwa chini yetu, povu limemfika viwikoni, akitugombeza tusikanyage dagaa wa watu.

Ulikuwa mchezo, lakini nyuma yake kulikuwa na maisha yangu. Shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa Bunda, iliandaa mashindano ya shule za msingi, na mshindi angesomeshwa hapo bure mpaka kidato cha nne. Kila shule iliokota nchi yake kwenye kopo, na mwalimu wetu wa Maarifa ya Jamii akaokota Sri Lanka, wenzake wakamcheka kweli. Alitupima darasa zima, akanichagua mimi. Wegesa akawa wa akiba, nikiugua aingie yeye. Baba yangu alikuwa fundi baiskeli, na alikuwa amenieleza bila kuficha kwamba shule ya bweni hataiweza. Nami nilitaka unesi. Nilitaka ile nguo nyeupe mpaka naiota. Wegesa hakuwa mshindani kwangu. Alikuwa mtoto wa marehemu mjomba, kaka yake mama, aliyeletwa kwetu akiwa na mfuko mmoja wa nguo, tukalala kitanda kimoja, tukala sahani moja. Nilimpenda, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kitabu cha mwalimu kilisema mikoa ni minane, Kaskazini na Mashariki ikihesabiwa kuwa mkoa mmoja. Jioni moja, baba akisikiliza taarifa ya habari, nikasikia kwamba mahakama ya nchi ile imeitenganisha. Nikaruka! Mikoa ni tisa. Sikumwambia mwalimu, nilitaka nimshangaze siku ya siku. Nilimwambia Wegesa peke yake, tukaongeza jiwe moja kwenye nchi yetu.

"Usimwambie mtu," nikamwonya.

"Nimwambie nani, Nyangeta? Si mimi na wewe ni kitu kimoja?"

Mashindano yalikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana mama akanifungia unga wa mtama na vidonge kwenye kitenge. Bibi anaumwa huko Butiama, akasema, nikalale naye nirudi Jumapili. Nikamuuliza na mashindano je? Akajibu huku akikaza fundo, bila kunitazama, kwamba mwalimu ameyasogeza mpaka Jumatatu. Mama akisema, unauliza nini tena? Nilipanda gari nikiimba wilaya kimoyomoyo. Nilipofika Butiama nikamkuta bibi shambani, amekunja gauni, anapalilia mihogo kwa nguvu kuliko mimi.

"Bibi, si unaumwa?"

"Nani kasema? Mimi siumwagi hovyo hovyo."

Nikampa vidonge. Akavigeuza, akanitazama, akaviweka juu ya kisiki. "Mjukuu wangu," akasema polepole, "hawa hawajakutuma kwangu. Wamekutoa kwao." Gari la kurudi lilikuwa limeshaondoka, na jingine halikuwepo mpaka Jumapili. Hata hivyo nilimtetea mama. Nikasema labda kasikia vibaya, labda kachanganya. Bibi hakubishana nami, alinipikia tu ugali.

Jumapili nikifika Nyasho nilisikia vigelegele kabla sijaiona nyumba. Wegesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba, amevaa sweta langu la shule. Mama alikuwa amemwambia mwalimu nina malaria kali. Majirani wakanieleza kwa furaha, wakidhani nami nitafurahi, kwamba swali la mwisho, lililoachwa wazi kwa shule zote, liliuliza Sri Lanka ina mikoa mingapi, wote wakasema minane kama kitabuni, na Wegesa peke yake akasema tisa. Nilimtazama Wegesa. Akatazama sakafu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami cha kwangu kilikuwa ndani ya sweta langu hasa.

Mama nilimfuata jikoni. Hakukana. "Wewe una baba," akasema. "Wegesa ana nani? Nilimwahidi kaka yangu akikata roho." Nikamwambia, basi ungetoa cha kwako, mama. Akaendelea kukoroga mboga. Baba aliporudi alifoka kidogo, kisha akasema maji yakimwagika hayazoleki, na hilo likaisha, kwao.

Mikoa ikampeleka Wegesa bweni. Mimi nikapokewa na kata, yaani shule ya sekondari ya kata, ambako mwalimu wa sayansi tulimsikia kwa jina tu. Unesi ukanipita. Leo mimi ni mtendaji wa mtaa huku Nyasura, Bunda. Nagonga mihuri, nasuluhisha ugomvi wa mipaka, na najua kwamba kule Sri Lanka, chini ya mkoa, chini ya wilaya, kuna afisa mdogo wa kijiji anayefanya kazi kama yangu. Yale mawe yamepondwa kokoto. Mama ni mgonjwa, anaishi kwangu. Namwogesha, namlisha, na wageni wakija anawasimulia habari za Wegesa, mwanawe aliyesoma. Watu huniambia nisamehe. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Mwezi uliopita Wegesa alipiga simu ya picha, yuko safari ya kikazi, nyuma yake milima ya kijani. "Dada! Hutaamini, niko Kandy! Hivi tulikuwaga tunasema huu ni mkoa gani? Nimesahau yote, jamani." Akacheka. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji, nikafungua mdomo, na kabla sijasema kitu mama akajibu kutoka kitandani, macho ameyafumba.

"Mkoa wa Kati. Hapo ndipo Nyangeta alipoanziaga." Kisha akaendelea, Magharibi, Kusini, Uva, Sabaragamuwa, taratibu, yote tisa, bila kukosea hata mmoja.

Miaka yote hii nilijifariji kwamba mama alikuwa anafua tu pale chini, kwamba hakujua alichokuwa ananinyang'anya. Kumbe alikijua kwa jina moja moja. Nilikata simu, nikampa kijiko cha uji kilichofuata, akakipokea.