Sifuri ya Krimu

Ukitaka kumwona Mama Baluni akikunja uso, mwambie kwamba kazi yake ni ya raha. Watu humwambia hivyo karibu kila siku. Humkuta getini ameshika maputo thelathini kama mtu anayetaka kupaa, nyuma yake bembea, nyuma ya bembea lile jumba la kuruka lililojazwa upepo, lenye minara minne ya rangi ya njano, nao husema, "Dada, wewe unafaidi. Kwako kila siku sikukuu." Yeye hutabasamu kwa midomo tu. Hao hawajawahi kukwangua krimu iliyokaukia kwenye minyororo ya bembea.

Bustani aliyoisimamia ilikuwa nyuma ya safu ya maduka, na ilikuwa na sehemu mbili zilizotenganishwa na ua wa michongoma. Mbele ndiko walikocheza watoto. Nyuma kulikuwa na banda la vigae, viti vyenye mito na kivuli kizuri, ambako watu wazima waliagana na wastaafu au kuwapongeza wazee wao. Wageni wa nyuma walikula, wakahutubiana, wakasinzia, wakaondoka. Mama Baluni aliwapenda mno wageni wa nyuma.

Jumba la kuruka lilikuwa moja tu, na kila mvi kichwani mwake ilitokana nalo.

Kwa miaka kumi na miwili aliandika maombi yote kwenye daftari moja la jalada gumu, kadiri alivyoyasikia kwenye simu. Binti yake, aliyekuwa chuoni, alichoka kumshauri.

"Mama, chapisha fomu. Mtu ajaze jina, umri, idadi ya wageni. Basi."

"Fomu ya nini? Mzazi akifungua mdomo tu nishajua anachotaka. Masikio haya hayajanidanganya hata siku moja."

Asemaye hivyo huwa hajamaliza siku zake.

Mwezi ule simu zote zilikuwa kama za mtu mmoja. Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimwandalia mwanawe sherehe ya kutimiza miaka saba, na alikuwa na orodha ya mambo thelathini na nne yenye namba. Mama Baluni alimbatiza Mama Orodha, kimoyomoyo, ingawa mara kadhaa nusura amwite hivyo kwa sauti.

"Dada, ile bluu niliyosema si ya bahari. Ni ya anga."

"Anga ya saa ngapi, dada yangu?"

"Unanitania?"

"Hapana. Nauliza nisije nikakosea."

Baada ya simu ya nne ya namna hiyo, asubuhi moja, ndipo alipopiga fundi wa majokofu. Sauti yake ilitoka kwa taabu. Alijieleza mapema: yuko kazini, ameshika jokofu kwa mkono mmoja, na mdomoni ana skrubu.

"Nataka shughuli ya Bibi yetu," alisema. Kisha, Mama Baluni alivyosikia: "Anatimiza miaka sitini Jumamosi ijayo."

Mama Baluni alishusha pumzi. Sitini! Mgeni wa nyuma! Aliandika kwa furaha: *Bibi, 60, saa nane mchana.*

"Keki iwe laini sana," fundi aliendelea, "meno ya mbele hana."

"Maskini. Nimeandika."

"Na akichoka huwa mkali, asisimamishwe muda mrefu."

"Nitamwekea kiti cha peke yake."

"Wenzake watakuwa ishirini na mmoja. Ameshawatangazia wote, dada. Isipokuwa kama alivyowaambia, watamwita mwongo, na lile neno halimezi. Kwa hiyo usisahau ile ya upepo. Hiyo ndiyo yenyewe."

"Ya upepo ipo," alisema Mama Baluni, na akaandika: *Feni. Mbili, kwa usalama.*

Jumamosi ilipofika alikuwa amelipamba banda la nyuma hata mwenyewe akatamani kuzeeka. Kiti kikubwa chenye mikono kilifunikwa kitambaa cheupe, mbele yake kigoda cha kuegesha miguu. Nyimbo za taratibu. Feni mbili ndefu, kila upande moja. Mezani keki ya krimu, laini kama povu, imeandikwa: HONGERA BIBI 60.

Saa nane kasoro dakika tano aliingia fundi wa majokofu, safari hii mdomo mtupu, amemshika mkono msichana wa gauni la waridi. Nyuma yao watoto walimiminika kutoka kwenye magari ya wazazi wao kama maharage kutoka kwenye gunia lililotoboka.

"Karibuni, karibuni. Bibi yuko wapi? Bado anashuka?"

"Si huyu hapa."

"Huyu ni mjukuu."

"Mjukuu wa nani? Huyu ndiye Bibi. Ana jina la marehemu mama yangu. Nyumbani nani atathubutu kumgombeza mtoto kwa jina la mama yangu? Tunamwita Bibi tangu siku ya kwanza."

Msichana alitabasamu kwa adabu. Meno ya mbele, kweli, hakuwa nayo.

"Lakini baba, uliniambia sitini!"

"Nilikwambia sita. Anatimiza miaka sita, ni Jumamosi ijayo."

Mama Baluni aliyarudia maneno hayo bila sauti, midomo ikicheza. Sita, ni. Sita ni. Weka skrubu tatu katikati yake, uone unapata nini.

"Na ya upepo?" fundi aliuliza, ingawa macho yake yalikuwa yameshaziona. Feni zilikuwa zikigeuka kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama wazee wawili wanaokataa jambo.

Bibi hakulia. Alikuwa akitazama juu ya michongoma, ambako minara minne ya njano ilionekana vizuri kabisa. Msichana mwenzake, mwenye vibanio vingi kichwani, alimvuta gauni.

"Mbona hatuendi kule? Ulisema tutaruka."

"Tutaruka."

"Kule kuna sherehe ya mtu mwingine. Nimeona jina. Mwongo wewe."

"Mimi si mwongo," alisema Bibi, polepole sana.

Fundi akamvuta Mama Baluni pembeni. "Shule hii ana mwezi wa pili tu. Hana hata rafiki mmoja. Hawa wote amewapata kwa sababu ya hilo jumba. Akirudi Jumatatu bila kuruka, dada, sitakuwa na la kumwambia."

Mama Baluni alimtazama mtoto, akaitazama ile 60 kwenye keki, akatamani kumlaumu mtu. Aliwatafuta wa kuwalaumu: fundi, skrubu, mtandao wa simu, marehemu mwenye jina. Wote walikuwa na kisingizio kizuri kuliko chake. Akashika njia ya michongoma, akinung'unika kama birika lililosahauliwa jikoni.

Upande wa mbele kulikuwa kimya. Jumba lilisimama limejaa upepo, tupu. Mwenye sherehe, mvulana wa miaka saba, alikuwa amesimama kando yake amevaa suti na tai ya bluu ya anga, mikono ikining'inia. Wageni wake walikuwa hawajafika, kwa kuwa kadi ilisema saa nane na kila aliyeipata alisoma saa tisa. Mama Orodha alikuwa mezani, karatasi zake mkononi.

"Dada yangu," Mama Baluni alianza, kwa sauti aliyokuwa akiwatunzia wakaguzi wa afya, "nina watoto wa nyuma pale. Kama ungewaruhusu waruke kidogo, mpaka wageni wako watakapofika..."

"Haruki mtu kabla ya mpiga picha. Namba kumi na saba."

"Najua. Ni kwamba nimekosea kuandika."

"Kosa ni la nani?"

"Langu."

"Basi lisiwe langu."

Kwa haki yote, lilikuwa jibu zuri, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mama Baluni aligeuka aondoke. Ndipo jicho lake lilipoangukia juu kabisa ya orodha. Namba moja ilikuwa imepigiwa mistari miwili chini yake: USALAMA.

"Sawa, dada," alisema. "Ila nakuomba usisimame hapo."

"Kwa nini?"

"Jumba tupu halitulii. Upepo ukija na ndani hamna uzito, kamba zinahangaika."

Hilo lilikuwa kweli. Liliandikwa kwenye karatasi iliyokuja na jumba, sehemu inayohusu dhoruba. Siku ile upepo ulishindwa hata kufunua leso mezani.

Mama Orodha alirudi nyuma hatua mbili. "Mbona hukuniambia? Unahitaji uzito kiasi gani?"

"Kama kilo mia nne."

"Leta mawe!"

"Mawe yatatoboa. Huo lazima uwe uzito laini."

"Uzito laini ndio upi?"

Mama Baluni alitazama kwenye michongoma. Vichwa ishirini na viwili vilikuwa vimejipanga juu yake, vingine vikisaidiwa na viti, kimoja na kigoda kilichokusudiwa miguu ya bibi wa miaka sitini. "Wale pale," alisema, "kwa kukadiria, ni kilo mia nne na kidogo."

Mama Orodha aliwatazama watoto, akalitazama jumba, akaitazama namba moja. Kisha akachomoa kalamu, akaongeza namba thelathini na tano.

"Wavue viatu. Wanawe mikono. Mpiga picha akifika, uzito wote utoke."

Bibi ndiye aliyetangulia. Alipanda, akasimama katikati, akamgeukia mwenye vibanio aliyekuwa bado anahangaika na kamba za viatu. Aliruka mara moja tu, juu kabisa, gauni likimfunika uso, na aliposhuka kelele zilizolipuka ziliwafanya wenye maduka watoke nje.

Mvulana wa tai aliwatazama kwa muda. Halafu akamvuta mama yake mkono.

"Mama, na mimi ni uzito."

Mama Orodha aliitafuta namba ya jambo hilo kwenye karatasi ya kwanza, akafunua ya pili. Haikuwapo.

"Vua tai," alisema hatimaye.

Mpiga picha alifika saa tisa na robo, akapiga picha bila kuuliza uzito ni upi na wageni ni wepi, na hakuna aliyeshuka. Mama Orodha alilalamika kwamba katika picha waridi lilikuwa jingi mno na halipatani na bluu ya anga. Mama Baluni aliitikia, "Ndiyo, dada," mara tisa.

Saa kumi na moja, banda la nyuma likiwa limebaki na makombo na soksi tatu zisizo na wenza, alikaa kwenye kiti kikubwa cheupe, akaegesha miguu juu ya kigoda, na feni zikampulizia zamu kwa zamu. Alimwandikia binti yake ujumbe: *Hiyo fomu, nitumie. Umri uandikwe kwa maneno. Na usinicheke.* Jibu lilirudi kabla hajaweka simu chini, na lilikuwa ni kicheko kitupu.

Ndipo alipotokea Bibi, amebeba sahani kwa mikono miwili, nywele zimetimka, shanga za gauni zimepungua nusu. Juu ya sahani kulikuwa na kipande cha keki cha mviringo.

"Shangazi, baba amesema hii ni yako."

Mama Baluni aliinama akaangalia. Ilikuwa ile sifuri, imekatwa kwa uangalifu, krimu yake nzima.

"Mimi nimepata sifuri?"

"Ndiyo. Si umekosea?"

"Na wewe umepata ngapi?"

"Sita."

Mama Baluni alimegua sifuri yake. Ilikuwa laini sana, kama alivyoagiza kwa ajili ya mtu asiye na meno. "Sita, ni...?" aliuliza, mdomo umejaa.

Bibi alimwonea huruma. "Sita basi, shangazi. Usiongeze kitu."