Mama na Jaji Aliyejibu Vizuri

Kesi ya mirathi ya baba ilishapitia majaji wawili wa Mahakama Kuu pale Busia. Kila mmoja akihamishwa, mwenzake anataka mama aeleze yote upya. Imetuchosha. Wa tatu alimsikiliza bila kumkatiza, ndipo mama akaanza kumwombea kanisani Mundika: Mungu amweke, asipandishwe cheo.

Juzi tukamwona kwenye runinga. Tume inayoteua majaji ilikuwa inamhoji, anataka kwenda Mahakama ya Rufaa. Wakamuuliza kuhusu kesi zinazokawia. Akajibu vizuri mno, hata mimi, mjinga, nikaitikia kwa kichwa.

Mama akazima runinga.

“Huyo amepita,” akasema. “Niletee lile gauni la kortini nilifue.”